Corolla 100 inazima ghafla kwenye matuta, taa ya injini inawaka na kuzima yenyewe. Pampu mpya, ugonjwa ule ule

Mnyalu wa Kihesa

Wakuu, habari za jioni.

Nina Corolla 100, yaani AE100, ya mwaka 1994, injini 5A-FE, gia za mkono. Ni gari ya mzee, kanikabidhi baada ya macho kuanza kumsumbua, kwa hiyo kuiuza sio mjadala. Tuanzie hapo.

Tatizo lenyewe: inatembea vizuri kabisa, halafu inazima kama mtu kageuza ufunguo. Haimisi kwanza, haikohoi, inakata tu. Mara nyingi ni nikipita kwenye matuta, kwenye rasta, au barabara ya vumbi yenye makorongo. Ikizima, taa ya injini, ya betri na ya oili zinawaka zote kwa pamoja. Nikisogea pembeni nikapiga stata, kuna siku inashika pale pale, kuna siku inazunguka tu bila kushika mpaka ipoe. Majuzi imezima napandisha mlima Kitonga, nyuma yangu semi imeshona. Sitaki hata kuelezea.

Gereji ya kwanza wakasema pampu ya mafuta inachemka. Tukaweka mpya, ikatulia kama wiki, ikarudi kule kule. Gereji nyingine wakasema taa ya betri na ya oili kuwaka pamoja maana yake alteneta inakufa na pampu ya oili imechoka, tushushe injini. Nikaaga. Kuna kijana akaja na kimashine cha kuchomeka kwenye gari, akakosa pa kuchomeka, akaniambia gari hii haina kompyuta.

Plagi ni mpya, filta ya petroli mpya, waya za plagi ni za zamani. Kitu kimoja nilichokiona mwenyewe: wakati mwingine nikiwa natembea taa ya injini inawaka kidogo tu halafu inazima yenyewe, gari ikiwa bado inaenda.

Natanguliza shukrani.

Kijiwe Nongwa

Mkuu tafuta mtu wa chuma chakavu, ongezea hela, chukua IST. Karibu mjini.

Mnyalu wa Kihesa

Nimesema kuuza sio mjadala. Soma uzi ndiyo uchangie.

Fundi Waya

Mkuu, kwanza nikutoe hofu ya kushusha injini. Taa ya betri na ya oili kuwaka wakati injini imeshazima na ufunguo bado uko ON ni kawaida, ndivyo zinavyotakiwa. Alteneta haizunguki, presha ya oili haipo, zitaachaje kuwaka? Asubuhi weka ON bila kupiga stata utaziona hizo hizo tatu. Aliyekuambia ushushe injini kwa ushahidi huo alikuwa anatafuta ada ya watoto.

Kinachonipa habari mimi ni hiyo aya yako ya mwisho. Taa ya injini kuwaka gari ikiwa inaenda, hapo ndipo kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, inalalamika, na ikilalamika huwa inaandika. Kazi yetu ni kwenda kusoma.

Na kompyuta unayo, ila gari yako imetangulia ile soketi ya pini 16 ya kuchomekea vimashine hivyo. Marekani waliilazimisha kwa magari ya kuanzia 1996, Ulaya wakaifuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Gari ya soko la Japani ya 1994 itaitoa wapi? Hiyo inasomwa kwa macho.

Fungua boneti, tafuta kiboksi cha plastiki chenye kifuniko kilichoandikwa DIAGNOSIS. Upande wa ndani wa kifuniko kuna ramani ya matundu. Unatafuta TE1 na E1. Chukua kipande cha waya, au klipu ya karatasi iliyonyooshwa, unganisha hayo mawili. Hayo mawili TU. Mle ndani kuna tundu la +B lenye umeme wa betri. Ukikosea, ukiwa na bahati utaunguza fyuzi, usipokuwa nayo utaunguza kitu cha bei mbaya. Gia weka nyutro, AC zima, taa zima, mguu usiguse pedeli ya mafuta. Halafu weka ON bila kupiga stata na uangalie taa ya injini.

Ikiblinki haraka haraka mfululizo bila kituo, hakuna kilichoandikwa. Kama kipo, itahesabu. Mfano namba 31: inawaka mara tatu, kimya cha sekunde moja na nusu hivi, inawaka mara moja. Kati ya namba moja na nyingine kimya kinarefuka kidogo, kama sekunde mbili na nusu. Zikiisha zote inanyamaza zaidi ya sekunde nne, inaanza upya. Huwa zinaanza na namba ndogo kwenda kubwa. Rekodi video kwa simu, macho yanadanganya.

Leta namba hapa. Kabla ya hapo usinunue kitu, hata kama anayekuuzia ni shemeji yako.

Dereva wa Moro

Fundi, na sisi tuliokaa katikati? Nina Carina Ti ya 1999, soketi iko chini ya usukani lakini hivi vimashine vya bluututhi havisomi kitu.

Fundi Waya

Umbo la soketi limeshakuja, lugha bado ni ya nyumbani kwao. Nyingi za kipindi hicho ukiunganisha pini ya 4 na ya 13 zinakupa namba za kublinki vile vile. Pini ya 16 ogopa, ina umeme wa betri muda wote hata ufunguo ukiwa mfukoni.

Mnyalu wa Kihesa

Nimerudi. Kiboksi nimekiona, kifuniko kilikuwa kimejaa matope lakini ramani inasomeka. Nimetumia klipu ya karatasi, mke wangu ameshika simu. Imewaka mara moja, kimya, mara nne. Halafu mara tano, kimya, mara moja. Imerudia hivyo hivyo.

Yaani 14 na 51. Nimeperuzi nikaona 51 inahusu sensa ya throtoli, na hapa mjini kuna mtu anayo ya mtumba. Nichukue?

Fundi Waya

Usichukue. 51 inatokea pia AC ikiwa imewashwa au pedeli ya mafuta ikiwa imeguswa wakati unasoma, na yenyewe huwa haihifadhiwi kwenye kumbukumbu, inaonyesha hali ya wakati huo tu. Nina hakika mguu wako ulikuwa juu ya pedeli, au kitufe cha AC kimebaki ndani. Rudia vizuri, itapotea. Isipopotea ndiyo tuanze kuisemesha hiyo sensa.

Mgonjwa wetu ni 14. Na hapa naomba watu wasome taratibu maana hii namba imekula hela za watu wengi.

Wengi wakiona 14 wanasema koili, ile inayokuza umeme wa cheche. Mle ndani kuna mazungumzo ya waya mbili kati ya kontroli boksi na ignaita. Kontroli boksi inatuma amri kwenye waya unaoitwa IGT: piga moto sasa. Ignaita inakata umeme wa koili, cheche inaruka kwenye plagi, halafu ignaita inarudisha jibu kwenye waya wa pili, IGF: nimepiga. Jibu hilo lisiporudi mara kadhaa mfululizo, kontroli boksi inawasha taa na kuandika 14. Kwa hiyo 14 inasema kitu kimoja tu, kwamba jibu halikurudi. Aliyelizuia haitajwi. Anaweza kuwa ignaita yenyewe, umeme wake, ethi yake (njia ya umeme kurudi hasi ya betri), soketi iliyolegea, waya uliochubuka, au koili.

Kuna jambo la pili ambalo mafundi wengi hawalisemi. Jibu lisiporudi, kontroli boksi inafunga nozeli zinazopuliza petroli. Inazifunga makusudi, ili petroli mbichi isimwagike kwenda kwenye masega, kile kichujio cha moshi kwenye ekzosi, ikaungulia huko.

Sasa rudi kwenye gereji yako ya kwanza. Gari imegoma, wanafungua plagi, wanazikuta kavu. Wanasema mafuta hayafiki. Na kweli hayafiki! Lakini yamezuiwa kwa sababu ya moto. Basi unauziwa pampu. Kwenye ile pilika ya kubadilisha, fundi amechomoa betri, amesukuma waya huku na kule, kitu kilicholegea kimekaa sawa kwa muda, gari inatembea wiki, mnapeana mikono.

Ukitaka kujiridhisha na pampu, kiboksi kile kile kinakusaidia. Unganisha FP na +B, weka ON. Pampu itazunguka injini ikiwa imelala. Shika mpira wa petroli karibu na filta, utasikia inavyosukuma. Ndiyo, safari hii +B tunaigusa kweli, kwa hiyo soma ramani mara mbili kabla ya kuingiza waya.

Swali: dashibodi yako ina mshale wa RPM?

Mnyalu wa Kihesa

Upo na unafanya kazi. Na 51 imepotea, AC ilikuwa imebonyezwa. Pampu nimeisikia inasukuma vizuri tu.

Fundi Waya

Safi. Huo mshale ni kipimo cha bure na watu wanautazama kama pambo.

Tafuta barabara tupu, tambarare, yenye tuta. Gari ikizima ukiwa ndani ya gia, usikanyage klachi haraka. Matairi yatakuwa bado yanaizungusha injini, kwa hiyo mshale ulitakiwa ushuke taratibu pamoja na mwendo wa gari. Ukishuka hivyo, moto wa chini, yaani umeme unaoingia kwenye koili, bado upo, nenda katafute kwenye mafuta au kwenye waya za plagi, kifuniko cha distribyuta (kigawa moto wa plagi) na rota. Lakini ukidondoka sifuri papo hapo wakati injini bado inazungushwa, umeme wa upande wa chini wa koili umekatika. Hapo tunabaki na ignaita, umeme unaoilisha, ethi yake na swichi ya ufunguo.

Tahadhari, injini ikiwa imezima breki zinakuwa ngumu baada ya kukanyaga mara chache na usukani unakuwa mzito. Usiende kujaribia Kitonga.

Wa Kirinyaga Road

Salamu kutoka Nairobi. AE100 yangu iliwahi kuleta hiyo hiyo 14. Makanika akasema distribyuta, na kwa hizi gari koili imefichwa humo ndani, kwa hivyo ukitaka koili unauziwa mzigo mzima. Nikalipa, gari ikawa sawa. Baadaye tukafungua ile ya zamani kwa kutaka tu kujua, koili ilikuwa inapima vizuri kabisa. Kilichokuwa kimekatika ni uzi mmoja wa waya ndani ya soketi, pale nyuma ambapo plastiki inabana. Nje huoni kitu.

Kwa hivyo bosi, vuta kila waya wa hiyo soketi kidogo kidogo kwa vidole. Ukirefuka kama mpira, ndani umekatika. Na spea za hizi gari huku zinazidi kupotea, maana Kenya hatuleti gari ya zaidi ya miaka 8, tunategemea zile zilizokufa kwa yadi.

Fundi Waya

Hiyo ya kuvuta waya mmoja mmoja muichukue wote. Waya za miaka thelathini zimekauka, shaba inakatika ngozi ikiwa nzima.

Nyakabungo

Fundi, shikamoo, samahani kwa kuingilia uzi wa watu. Mimi nina Starlet, niko Mwanza. Yangu ni taa ya betri, inawaka hafifu sana, usiku nikiwasha taa kubwa ndiyo naiona. Gari inawaka na kuzima vizuri tu.

Fundi Waya

Marahaba dada. Taa ya betri ikiwaka nusu nusu ujue alteneta inachaji, lakini kuna kasoro: kaboni zimeisha, dayodi imepotea, mkanda unateleza, au waya mnene wa kwenda betri una kutu. Nunua au azima mita. Gari ikiwa imelala usiku mzima, betri nzima inasoma karibu volti 12.6. Iwashe, injini ikiunguruma isome kati ya 13.5 na 14.5 hivi, na ibaki hapo ukiwasha taa kubwa na feni. Ikishuka chini ya 13 ukiwa umewasha vitu hivyo, peleka alteneta kwa fundi umeme afungue. Usisubiri sana, umeme ukishuka injini nayo inaanza kumisi halafu utaanza kubadilisha plagi bure.

Babu Sekenke

Wanangu mimi nimeendesha tangu enzi za platini, kabla ya hizi ignaita. Gari inayozima ikipata moto na kuwaka ikipoa, miaka yote ni koili au kondensa. Mnazungusha maneno.

Fundi Waya

Shikamoo mzee. Kwa gari za platini nakubali bila ubishi, na hata kwa hizi koili inaweza kufa kwa joto ikafufuka kwa baridi. Ignaita nayo hivyo hivyo. Lakini mzee, koili iliyochoka kwa joto haijali tuta. Itazima hata ukiwa umesimama kwenye foleni. Huyu bwana gari yake inachagua matuta. Ndiyo maana sitaki anunue chochote bado.

Babu Sekenke

Marahaba. Hapo kwenye tuta umenishika. Endelea.

Mnyalu wa Kihesa

Nimejaribu jioni hii njia ya nje ya mji. Tuta la pili ikazima, mshale umedondoka sifuri paap, gari bado inatembea kwenye gia ya tatu. Na taa ya injini iliwaka kidogo kabla.

Fundi Waya

Umeme wa chini. Sasa washa injini, iache iungurume, chukua bisibisi yenye mpini wa plastiki. Kwa mpini huo gonga taratibu kitu kimoja kimoja, mikono mbali na feni na mikanda: soketi ya distribyuta, distribyuta yenyewe, boksi la relei, ignaita. Ukimaliza nje, kaa ndani utikise ufunguo kwenye swichi na rundo la funguo ulilolining'iniza, maana rundo zito linalegeza swichi. Kinachozima injini ndicho chenye kesi.

Ignaita kwenye matoleo mengine iko ndani ya distribyuta, kwenye mengine imefungwa peke yake kwenye bodi. Ni kidude cha ukubwa wa kiberiti kikubwa kwenye bati, kina soketi ya waya chache.

Mnyalu wa Kihesa

Yangu iko kwenye bodi. Wakuu, mimi siamini. Distribyuta nimegonga, kimya. Relei, kimya. Ufunguo nimetikisa mpaka basi. Nimegusa ignaita kwa mpini, injini ikakata. Nimewasha tena, nikaigusa, ikakata. Soketi yake iko imara haichezi, ila lile bati lenyewe linacheza kidogo, skrubu moja imelegea.

Niagize ignaita Dar?

Fundi Waya

Subiri. Gari hii iliwahi kupigwa rangi?

Mnyalu wa Kihesa

Mwaka jana, iligongwa kona ya mbele kushoto, wakanyoosha na kupaka mpaka ndani ya boneti. Umejuaje?

Fundi Waya

Kwa sababu umesema skrubu imelegea, na skrubu ya ignaita hailegei yenyewe miaka yote hiyo ianze leo. Kuna mtu aliifungua.

Ignaita nyingi za Toyota za wakati huo hazina waya wa ethi. Zinachukua ethi kupitia lile bati na skrubu zake kwenda kwenye bodi. Mpaka rangi kafungua, kapuliza rangi nzuri ya kung'aa, karudisha bati juu ya rangi. Rangi haipitishi umeme. Ethi yako yote ilibaki imeshikilia ncha ya uzi wa skrubu. Tuta likija, inaachia. Bati likipata joto la injini linatanuka, inaachia pia, na hapo ndipo ule ugonjwa wa kusubiri ipoe unapoingia.

Usiniamini kwa maneno, pima. Mita weka volti za DC, ncha nyekundu kwenye bati la ignaita, kwangua kidogo ishike chuma. Nyeusi kwenye hasi ya betri. Mtu akupigie stata kwa sekunde chache. Ethi nzuri itasoma karibu na sifuri, sehemu ndogo ndogo za volti. Kama inapanda, umeme unahangaika kurudi nyumbani.

Wa Kirinyaga Road

Bati na rangi! Mimi nililipa distribyuta. Acha ninyamaze.

Mnyalu wa Kihesa

Mita inasoma zaidi ya volti 1 na inaruka ruka. Nikibonyeza bati kwa kidole inashuka karibu na sifuri.

Nimefungua. Chini ya bati rangi imekaa nene, nyekundu safi kama ya mlangoni. Nimekwangua kwa msasa mpaka chuma kikatoka, na mgongo wa bati nao, nikarudisha skrubu na washa zenye meno. Nimeongeza na waya mmoja wa ethi kutoka kwenye skrubu ya ignaita mpaka kwenye bolti ya ethi ya bodi pale pembeni. Nikapima tena, haizidi sehemu ya kumi ya volti. Nimegonga kwa mpini mpaka mke wangu kauliza kama nina ugomvi na gari. Haizimi.

Namba 14 naifutaje?

Fundi Waya

Ufunguo OFF, chomoa fyuzi ya EFI, ile ya ampea 15, iache nje zaidi ya sekunde kumi, rudisha. Usichomoe betri, utapoteza stesheni zako za redio bure. Tembea siku kadhaa, pita kwenye matuta yote yaliyokutesa, halafu soma tena na klipu yako. Na pale ulipokwangua paka grisi kidogo juu yake baada ya kukaza, chuma kilichovuliwa rangi kitapata kutu ndani ya msimu mmoja wa mvua.

Dalali Mstaafu

Niongeze moja kwa wanaonunua gari za mkononi. Ukifika kukagua, kabla ya kuangalia rangi na viti, weka ON na utazame taa ya injini. Isipowaka kabisa, usifurahi, hiyo balbu imetolewa. Wajanja zaidi wanachukua waya wa taa ya injini wanauunganisha na wa oili, kwa hiyo ukiwasha gari zinazima zote sekunde ile ile, unaona kila kitu shwari. Hii klipu ya karatasi ya Fundi ndiyo dawa yao. Unganisha TE1 na E1, taa ikigoma kublinki, mwambie muuzaji tufungue dashibodi. Wengi watakumbuka wana safari.

Kijiwe Nongwa

Wakuu, natoa hoja. IST yangu, taa ya injini imeanza kublinki nikipandisha kilima, nikiachia mafuta inabaki imewaka tu. Gari inatetemeka. Msinicheke.

Mnyalu wa Kihesa

Uza, chukua Corolla 100. Karibu mjini.

Fundi Waya

Hahaha, mwacheni. Kaka, kwa gari za mfumo mpya taa kuwaka moja kwa moja na taa kublinki ukiwa unaendesha ni vitu viwili. Ikiblinki ni kwamba silinda inamisi kiasi cha kuunguza masega. Punguza mafuta, usipande tena mlima nayo, na usiende nayo safari.

Habari njema ni kwamba wewe una koili nne, kila plagi na yake. Yako mashine itasoma. Ukikuta P0301 ni silinda ya kwanza, P0302 ya pili, mpaka P0304. P0300 ni kumisi kusikotulia sehemu moja. Tuseme imesoma P0301: toa koili ya kwanza ipeleke ya tatu, ya tatu ilete ya kwanza, futa namba, tembea mpaka imisi. Ikihamia P0303, koili ndiyo mbovu, nunua moja tu. Namba ikibaki ile ile, fanya hivyo hivyo kwa plagi. Na zote zikigoma kuhama, nozeli, kisha kompresheni. Ukifungua ukakuta oili kwenye shimo la plagi, anza na gasketi ya tapeti kava (kifuniko cha juu cha injini), maana hiyo oili ndiyo inayolainisha mpira wa koili mpaka unavujisha moto.

Kijiwe Nongwa

P0302. Nimehamisha kwenda ya nne, imesoma P0304. Asante fundi, naenda kwa wauza spea wa Gerezani, Dar, kutafuta koili.

Fundi Waya

Kuwa makini na boksi zinazong'aa. Mtumba halisi kutoka kwenye injini iliyokuwa inafanya kazi naiamini kuliko mpya isiyo na jina.

Mnyalu wa Kihesa

Wakuu, mrejesho. Nimeenda Dar na kurudi, Kitonga nimepanda na mzigo wa mchele, haijazima. Nimesoma tena, taa inablinki mfululizo, hakuna namba. Fundi Waya, nitumie namba ya simu faragha, kuna soda yako.

Swali la mwisho. Mvua ikinyesha asubuhi inawaka kwa kusuasua dakika chache, kama inakosa silinda moja, halafu inatulia. Taa haiwaki.

Fundi Waya

Hiyo ni moto wa juu, ule unaotoka kwenye koili kwenda plagi, na taa haitawaka kwa sababu ignaita inajibu vizuri tu, cheche inapotea baada ya hapo, na mfumo wako hauhesabu kumisi. Umesema waya za plagi ni za zamani. Toa mmoja mmoja, pima ohm kutoka ncha hadi ncha. Toyota wanataka usizidi kilo-ohm 25 kwa waya. Usiku gizani fungua boneti injini ikiunguruma, nyunyiza maji kidogo kwa chupa ya pafyumu juu ya waya, usizishike, utaona vicheche vya bluu mahali panapovuja. Fungua na kifuniko cha distribyuta, tafuta mstari mwembamba mweusi kama wa penseli kati ya nguzo na nguzo. Ukiuona, kufuta hakusaidii, kifuniko kimekwisha.

Mnyalu wa Kihesa

Kifuniko kiko safi. Waya wa silinda ya tatu unasoma 31, mwingine 22, miwili iliyobaki iko chini ya hapo.

Fundi Waya

Badilisha seti nzima, hizo nyingine ziko njiani. Toa mmoja weka mmoja ili usichanganye, mpangilio wako ni 1-3-4-2. Na ukichomoa shika kwenye mpira wa mwisho, usivute waya wenyewe.

Mnyalu wa Kihesa

Nimekupata mkuu. Kesho naingia dukani.